Makusudi au ubongo: tuliyoyaona tukimuuguza baba

Baba alikuwa hawezi kusema "kijiko". Ukikiinua mbele yake anakitazama, anakijua, hata anakuonyesha kwa mkono wa kushoto kwamba ni cha kulia, lakini mdomo ukifunguka kinachotoka ni "hiki... hiki..." basi. Muda si mrefu mtoto wa jirani anapita kibarazani, "Shikamoo babu!" na baba anaitikia, "Marahaba, hujambo?" sauti imenyooka, hakuna pa kukwama. Shangazi, dada yake mkubwa aliyemlea, alishuhudia mambo hayo mawili yakifuatana, akatoa hukumu papo hapo: "Huyu kusema anaweza. Hataki tu."

Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, iligawanyika kwa swali hilo kwa muda mrefu. Anafanya makusudi au hafanyi? Kiharusi chenyewe tulikipokea kama watu wengi wanavyokipokea: huyu anasema presha, yule anasema upepo mbaya, mganga akaletwa, akala, akalipwa, akaenda zake. Lakini kiharusi kina siku yake moja. Yaliyofuata yalikuwa ya kila siku, na karibu kila moja lilivaa sura ya tabia: ukaidi, kiburi, kujidekeza. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia. Mchoro wa ubongo nimeuchora ubaoni mwaka hadi mwaka. Kukaa nyumba moja na mtu mwenye pengo ndani ya mchoro ule ni somo la namna nyingine.

Baba ni fundi cherehani, wa kanzu na suti za harusi. Asubuhi ile alikuwa mezani anakata kitambaa, mkasi ukamponyoka mkono wa kulia. Akainama kuuokota kwa mkono uleule, ukamponyoka tena. Mama alipomwita, aligeuka mdomo umekwenda upande. Kaka yangu, ambaye ni dereva wa bajaji, alimkimbiza hospitali. Presha ilikuwa juu sana, na picha ya ubongo ikaonyesha mshipa wa upande wa kushoto umeziba na eneo lililokuwa likilishwa nao limekosa damu. Imekadiriwa kwamba mshipa mkubwa ukiziba namna hiyo, ubongo hupoteza seli za neva zipatazo milioni 1.9 kila dakika. Ubongo mzima una seli hizo takriban bilioni 86, kwa hiyo zinazobaki ni nyingi mno. Kilichomponza baba hakikuwa idadi. Kilikuwa mahali.

Nyuzi za neva zinazoamuru mikono na miguu huvukana zinaposhuka kuelekea uti wa mgongo, ndiyo maana ukiumia kushoto kwa ubongo unalegea kulia kwa mwili. Na kwa watu walio wengi, hasa wanaotumia mkono wa kulia, kazi kubwa ya lugha hufanyika upande huohuo wa kushoto. Kwa fundi cherehani hesabu yake ni mbaya: pigo moja linachukua mkono wa kukatia na ulimi wa kupatania bei.

Aliyeifanya dunia ya madaktari ikubali kwamba usemi una makao yake ni Mfaransa, Paul Broca. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, aliletewa mgonjwa aitwaye Leborgne aliyekuwa amekaa hapo miaka 21. Wenzake walimwita Tan, kwa sababu karibu kila alichoulizwa alijibu "tan, tan". Alielewa anayoambiwa. Alijua kuonyesha kwa vidole muda aliokaa hospitalini. Alifariki Aprili mwaka huohuo, na Broca akauchunguza ubongo wake na kukuta umeharibika upande wa mbele kushoto. Ubongo ule haukutupwa. Mwaka 2007 watafiti waliupiga picha kwa mashine za kisasa wakaona uharibifu ulikwenda ndani zaidi ya alipopaona Broca. Lakini kitu kilichonishika mimi katika habari za Tan ni kingine, na Broca mwenyewe alikiandika: Tan akikasirika sana kwa kutoeleweka, alikuwa anatukana. Tusi kamili la Kifaransa la kulitaja jina la Mungu, lenye maneno yake yote, linatoka bila shida. Likiisha, anarudi kwenye "tan".

Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, maana juma lilelile mbuzi wa jirani aliingia akatafuna pindo la kitambaa kilichoachwa kwenye kiti, na baba akapiga kelele, "Mshenzi we!" Mtaa mzima ukasikia. Shangazi akaniangalia tu; alikuwa ameshapata ushahidi wa pili.

Daktari mmoja Mwingereza wa karne ya 19, John Hughlings Jackson, alilitazama jambo hili kwa makini kuliko wengi. Aliona wagonjwa walionyang'anywa usemi wanaweza bado kuapa, kutukana, kusali, kuhesabu. Akasema tunapozungumza tunafanya kazi mbili zisizofanana. Kuna kuunda kauli, yaani kuchagua neno hili na kuliacha lile, kuyapanga, ili kusema jambo ambalo kabla ya hapo halikuwapo. Na kuna kutoa kauli iliyokwisha kuwa tayari. Kwa lugha ya baba: kuna kukata kitambaa, na kuna kuitoa kwenye ndoano nguo iliyoshonwa zamani. "Kijiko" kinahitaji mkasi. "Marahaba" imetundikwa tayari. Inaaminika kwamba kauli hizi za mazoea hutegemea zaidi sehemu za ndani kabisa za ubongo, zile zinazobeba mazoea ya kila aina, na upande wa kulia pia unasaidia. Kwa baba sehemu hizo zilikuwa salama.

Baada ya hapo nilianza kusikiliza watu wazima wa afya namna nyingine. Konda wa daladala anataja vituo vyote huku anahesabu chenji na kumtazama abiria aliyekwepa nauli, vituo vinajitaja. Mtu anakuja msibani, anaulizwa "Habari za nyumbani?" naye ndiye mfiwa, na anajibu "Nzuri" kabla hajajua amesema nini. Kwetu salamu ni ndefu, zinaweza kukwenda zamu nne au tano, na sehemu kubwa ya zamu hizo hakuna anayezifikiri. Mtu aliyepoteza nusu ya usemi wake anaweza kupita sokoni Mgandini akasalimiana na watu kumi, na wote kumi wakarudi nyumbani wakisema mzee amepona.

Sala ilikuwa vilevile. Alfatiha aliisoma mwanzo hadi mwisho tangu siku za mwanzo mwanzo. Ukimkatiza katikati, imekwisha. Hawezi kuendelea pale alipoachia, lazima arudi juu. Aliyepita madrasa hatashangaa, kwa sababu na sisi wazima tulipoulizwa aya ya katikati tulikuwa tunaanza kimoyomoyo kutoka juu mpaka tuifikie. Namba pia. Muulize baba vidole vingapi hivi, anahangaika. Mwambie ahesabu, anakwenda moja, mbili, tatu bila kusita. Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua njia ya kuchuma faida hapo. Mteja akija kupimwa bega, baba anaweka kidole kwenye futi kamba na kuhesabu kwa sauti kutoka moja hadi afike kwenye namba anayoitaka, kisha anagonga meza: hapo. Kijana wake wa kazi anaandika. Hakuna daktari aliyemfundisha hilo.

"Ndiyo" na "siyo" ndizo zilizotugombanisha zaidi, na ni jambo dogo mno ukilieleza. Unataka chai? "Ndiyo." Unamletea, anasukuma kikombe. Mama aliumia sana, maana alidhani anadharauliwa kwa makusudi mbele ya watu. Maneno haya mawili ni jozi, yanakaa jirani, na mgonjwa wa afasia, yaani aliyeharibikiwa usemi kwa kuumia ubongo, mara nyingi anavuta lile lisilokusudiwa huku anajua kabisa alichotaka. Uso wa baba ulikuwa unaonyesha hivyo, ukimtazama uso badala ya kusikiliza mdomo. Mama akaacha kusikiliza mdomo. Kidole gumba juu, kidole gumba chini, na nusu ya ugomvi wa nyumba ukaisha siku hiyo.

Mtaalamu wa usemi hatukumpata. Nchini kwetu ni wachache, na Tanga wakati ule sikumwona wa kumfuata. Nilichokifanya ni kusoma. Mwaka 1973 kundi la wataalamu wa Boston lilieleza njia ya kuwarudishia wagonjwa kama hawa maneno kwa kutumia uimbaji: sentensi fupi inaimbwa kwa sauti ya juu na ya chini huku mkono wa kushoto ukigonga mapigo, kisha polepole wimbo unapunguzwa hadi ibaki kauli ya kawaida. Wataalamu bado wanabishana kama kinachosaidia ni wimbo au ni mapigo na kule kurudiarudia. Baba alikuwa mtu wa maulidi. Kasida alikuwa anaziimba na maneno yake yote. Basi tukamtungia "nataka maji", "nipe dawa", "nimechoka" kwa mahadhi aliyoyazoea, mkono ukigonga paja. "Nataka maji" ilikuja. "Nipe dawa" ilikuja. "Nimechoka" ilikataa, sijui kwa nini, na mpaka leo akichoka anaimba "nataka maji" kisha anatikisa kichwa.

Halafu picha. Wajukuu walikuja likizo wakataka kupiga naye picha kwa simu. "Babu, tabasamu!" Babu akajitahidi, mdomo ukaenda kushoto tu, upande wa kulia umekufa. Picha mbaya, na yeye aliiona, akageuza uso. Mjomba, ambaye ni mshabiki wa African Sports na amekuwa akichokozana na baba wa Coastal Union tangu ujana wao, akaanza kueleza jinsi timu yake itakavyorudi kuwa bingwa. Baba akacheka. Akacheka mdomo wote, pande zote mbili sawasawa. Mtoto akapiga picha wakati huohuo, na ukiweka picha hizo mbili pamoja utasema ni watu wawili, au ni mtu mmoja anayetudanganya.

Ni njia mbili za neva zinazokwenda kwenye misuli ileile. Tabasamu la kuamriwa linatoka kwenye gamba la ubongo, eneo la kuamuru misuli kwa hiari, na njia hiyo kwa baba ilikatika. Cheko la furaha halipiti hapo. Lina njia yake kutoka sehemu zinazohusika na hisia. Daktari Mfaransa Duchenne aliandika mwaka 1862 kwamba kicheko cha kweli kinakaza misuli inayozunguka macho, na kwamba misuli hiyo haitii amri kirahisi. Kila mtu analijua hili bila kusoma. Albamu za harusi zimejaa meno yasiyo na macho.

La mwayo lilikuwa kubwa zaidi. Mkono wa kulia wa baba ulikuwa unalala kwenye mto, ukiambiwa inuka hauinuki hata kidogo. Alasiri moja akapiga mwayo mrefu, na mkono ukapanda wenyewe, taratibu, mpaka karibu na kifua. Mwayo ukaisha, mkono ukashuka. Mama akapiga kigelegele, majirani wakaingia, sadaka ikatolewa. Kesho yake walipomwomba ainue tena akashindwa, na furaha ikageuka manung'uniko: jana si uliinua? Madaktari wa Ufaransa walilieleza jambo hili mwaka 2005 na kulipa jina refu la Kilatini. Mwayo unatawaliwa na shina la ubongo, sehemu ya kale sana tunayoshirikiana na wanyama, na njia zake za kuamsha misuli hazipiti pale palipoharibika kwa baba. Mkono haukuwa umekufa. Bwana wake ndiye aliyekatiwa mawasiliano, na mwayo una simu yake nyingine. Hata baada ya kulielewa hilo nilikuwa bado nashtuka kila alipopiga mwayo, sioni aibu kusema.

Kilio niseme kwa urefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo tulipokaribia kumwumiza. Baba hakuwa mtu wa machozi. Baada ya kiharusi akawa analia kila mgeni akiingia. Si machozi ya kufuta kwa ncha ya kidole. Ni kwikwi, kifua kinapanda na kushuka, kisha ghafla kinakata kama hakuna kilichotokea. Wageni wakaanza kufasiri. Mmoja akasema anatubu. Mwingine akasema kuna siri na mama inabidi aijue. Watu wakaanza kukumbuka vitu vya miaka thelathini iliyopita ambavyo pengine havikutokea, na mama, ambaye alikuwa anamgeuza kitandani usiku kucha, akaanza kuulizwa maswali na mawifi.

Kulia na kucheka vina mitambo yake chini, kwenye shina la ubongo, na juu yake kuna nyuzi zinazoshuka kutoka sehemu za mbele zinazofanya kazi ya breki. Kiharusi kinaweza kukata breki hizo. Hapo jambo dogo kama sura ya rafiki, au sauti inayosema "pole", linatosha kuwasha mtambo mzima hata kama huzuni ndani ni ndogo au haipo. Ni hali inayojulikana, na zipo dawa, zilezile zinazotumika kwa sonona, ambazo mara nyingi huipunguza. Tulimweleza daktari wa kliniki, akampa, na baada ya majuma kadhaa kilio kikapungua sana. Daktari huyo alitufundisha pia tusilale usingizi upande wa pili: takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona ya kweli, na dalili zake ni nyingine, kukosa hamu ya chakula, kukosa usingizi, kukataa mazoezi, uso uliozimika hata wageni wakiondoka. Tulimtazama baba kwa hayo. Hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo kwa kiasi fulani ni mama, na hilo hakuna mgeni aliyeliona, kwa sababu mama alikuwa halii.

Nilipokuwa ninamlaza baba wodini kulikuwa na mzee kitanda cha jirani ambaye kiharusi chake kilipiga upande wa kulia wa ubongo. Huyo alisema vizuri kabisa, kwa fasaha, na kusema kwake kulimponza kwa kuwa kila mtu alimwona mzima. Alikuwa anakula nusu ya sahani. Ugali wa upande wa kulia unaisha, mchicha wa kulia unaisha, wa kushoto haujaguswa, na analalamika amepewa kidogo. Binti yake akaona ni kuchagua chakula. Sista akaja, akaizungusha sahani bila kusema neno, mzee akaanza kula upya. Macho yake hayakuwa na kasoro. Ulimwengu wa kushoto ndio uliokuwa haumo katika hesabu zake. Mwaka 1978 Waitaliano wawili, Bisiach na Luzzatti, waliwaomba wagonjwa wa namna hiyo kule Milan wawaze wamesimama kwenye uwanja wa kanisa kuu la mji, wanaoujua tangu utotoni, wataje majengo. Wakataja ya kulia tu. Wakaambiwa wajione wamesimama upande wa pili wa uwanja, wakitazama walikotoka. Wakataja yale waliyoyaacha, na kuyasahau waliyokwisha kuyataja. Kumbukumbu zote zilikuwamo. Nusu yake haikuwa inaitika.

Mkono wa baba sasa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza kwa maneno machache kwamba miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye kasi, tusiipoteze. Kuna mtafiti wa Marekani, Edward Taub, aliyeona kwa nyani waliokatwa neva za kuhisi za mkono mmoja kwamba waliuacha kabisa mkono huo, ingawa nguvu ya kuusogeza walikuwa nayo. Walijaribu mapema, wakashindwa, wakajifunza kutoutumia. Alipoufunga mkono mzima, ule mbovu ukaanza kazi. Kutoka hapo ikaja njia ya kuwatibu watu: mkono mzuri unavishwa glavu nene saa nyingi za mchana, na mbovu unafanyishwa kazi ndogondogo mfululizo. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006, lenye wagonjwa 222, lilionyesha waliofanyiwa hivyo kwa majuma mawili walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Masharti yake ni kwamba kiganja na vidole viwe na uwezo wa kunyooka walau kidogo. Mkono uliolegea kabisa hauna pa kuanzia.

Vidole vya baba vilipoanza kunyooka, mtaalamu akakubali tujaribu. Mkono wa kushoto tuliuvisha soksi nene akiwa amekaa tu. Akisimama unafunguliwa, asije akaanguka bila mkono wa kujishikia. Kazi zilikuwa za mezani pake: kuokota vifungo kimoja kimoja na kuvitia koponi, kubana na kubandua vibanio vya nguo, kupitisha chaki juu ya mstari. Alichukia. Alituita "washenzi" wote kwa zamu. Uchovu wake pia ulikuwa wa ajabu. Nusu saa ya vifungo na mtu analala kama aliyelima. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake hata ukiwa umetulia, na mtu anayejenga upya njia zilizoharibika mara nyingi huzidiwa na kazi ambayo kwetu ni mchezo. Tulikubaliana na mama: akilala aachwe alale, maana usingizi ni sehemu ya kujifunza.

Mkono haukurudi kuwa wa kukata suti. Unashika kitambaa kisiteleze, unasukuma kuelekea kwenye sindano. Kijana anakata.

Wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kinatokea kupitia shangazi. Baba amezaliwa kijijini Mkinga, na Kidigo ndicho alichokisikia kwanza. Kiswahili cha mjini kilimjia baadaye akakitumia maisha yake yote ya kazi. Miaka ya 1880 Mfaransa Ribot alisema lugha ya kwanza ndiyo inayodumu ubongo ukiharibika. Mwaka 1895 mwenzake Pitres akasema hapana, inayorudi mapema ni ile iliyokuwa ikitumika sana mtu alipougua. Kwa baba, wote wawili wangepata cha kujivunia. Kiswahili kilitangulia, lakini kilirudi kimechanika. Shangazi alipoamua kwamba hatamsemesha tena Kiswahili, akawa anakaa naye alasiri kwenye jamvi anamsimulia kwa Kidigo habari za shamba na za marehemu, yalianza kutoka majina ya vitu: ya samaki, ya miti, ya vyombo. Kijiko nacho kikatoka, kwa Kidigo kwanza. Shangazi hakubadilisha hukumu yake hata chembe. "Niliwaambia anaweza," alisema. Kwa upande wangu, nusu ya ninayoyajua kuhusu kumrudishia mtu usemi nimeyaona kwa mwanamke huyu ambaye hakubaliani na neno hata moja nililosoma.

Najua watu wanavyoyatumia mambo haya. Kwenye simu yangu zinaingia kila siku jumbe kwamba tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo, kwamba wa kushoto ni mtu wa hesabu na wa kulia ni msanii. Ya asilimia kumi ni uongo mtupu, na aliyewahi kuona pengo dogo lilivyomfanya fundi mzima hawezi kuuliza bei hawezi kuiamini. Lakini lipo jambo gumu zaidi ya hilo, nalo lilitokea ndani ya nyumba.

Kaka yangu anabeti. Mwezi mmoja pesa za dawa za presha alizopewa akanunue zilikwenda huko, na baba akakaa siku kadhaa bila kidonge, mtu ambaye tayari ana kiharusi kimoja. Tulipomweka kikao, kaka alisema, na hakuwa anatania: "Dada, si wewe unayetuambia ubongo? Wangu na wenyewe unanituma." Ubaya ni kwamba ana sehemu ya ukweli. Mtafiti Wolfram Schultz alionyesha katika miaka ya 1990, kwa kupima seli za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na hamu ya zawadi, kwamba seli hizo hulipuka hasa zawadi inapokuja bila kutarajiwa, na baadaye hulipukia ishara ya zawadi kuliko zawadi yenyewe. Mkeka wa kubeti umetengenezwa kwa ajili ya seli hizo. Hakuna tabia isiyo na ubongo nyuma yake, ya baba wala ya kaka, kwa hiyo kusema "ni ubongo" hakumtofautishi yeyote.

Nikawaza tunawatofautishaje basi. Nilichokiona ni hiki: baba ungemwahidi nyumba ya ghorofa au ungemtisha kwa fimbo, "kijiko" kisingetoka, kwa kweli ukimharakisha kinakwama zaidi. Kaka, ukimwambia kesho bajaji inachukuliwa, kesho habeti. Inaweza kumuuma, inaweza kumlazimu asaidiwe, lakini ahadi na matokeo bado vinamfikia. Nikaanza kuwaeleza hayo pale kikaoni kwa utaratibu wa darasani, mama akanikatiza.

"Wewe," akamwambia kaka, "mshipa wako upi umeziba?"

Kaka akanyamaza. Baba, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema "Mshenzi," na kwa mara hiyo hatukuweza kujua kama ni kauli ya mazoea au ameichagua. Tangu hapo pesa za dawa zinakaa kwa mama, na kaka anarudisha zile alizocheza kidogokidogo kila Jumamosi, akishafunga hesabu ya bajaji.